Minara ya Zambarau Nyuma ya Nyumba: Vidokezo vya Kuotesha Foksiglavu

Ifikapo Juni, ukipita barabara za mashambani Uingereza utaiona bila kuitafuta: shina moja limesimama wima, refu kuliko mtoto wa shule, limejaa vikengele vya zambarau kuanzia kiunoni hadi kileleni. Huota kingoni mwa misitu, juu ya kuta za mawe, kando ya reli, hata kwenye ufa wa sakafu ya saruji. Ndiyo foksiglavu, Digitalis purpurea kwa jina la kitaalamu, mzaliwa wa Ulaya ya magharibi. Aliyewahi kutembea katika shamba la ufuta Lindi au Mtwara tayari analijua umbo la ua lake: kengele ndefu iliyoinama, yenye mdomo uliochomoza kidogo. Tofauti ni kwamba foksiglavu hupanga kengele hizo kwa makumi juu ya shina moja, na ndani ya kila kengele imetia madoa meusi yenye ukingo mweupe.

Kwa wasemaji wengi wa Kiswahili wanaoishi Ulaya na Marekani, bustani ni kile kipande chembamba nyuma ya nyumba: ukuta upande huu, mti wa jirani upande ule, na jua la saa tatu kwa siku. Nyanya zinagoma, mahindi ndiyo kabisa. Foksiglavu inapapenda hapo. Nimeiotesha katika uwanja wa namna hiyo, na ninaamini hakuna ua la gharama ndogo linaloweza kuugeuza uwanja wenye kivuli kuliko hili. Lina masharti mawili tu: ujue kalenda yake, na uiheshimu sumu yake.

1. Jua kalenda yake kabla hujanunua mbegu

Foksiglavu ya kawaida ni mmea wa miaka miwili. Mwaka wa kwanza hutoa majani peke yake, mapana na yenye manyoya laini, yamepangana duara na kulala ardhini. Hukaa hivyo hivyo baridi yote, hata theluji ikianguka juu yake. Mwaka wa pili, kuanzia Aprili au Mei, shina huchomoka katikati ya duara lile, hupanda kwa kasi, huchanua Juni na Julai, humwaga mbegu, kisha mmea hufa. Kazi yake imekwisha.

Asiyejua hili huumia mara mbili. Mwaka wa kwanza anaona majani matupu, anadhani amepewa mbegu mbovu, anang'oa. Au anavumilia, anapata maua mwaka wa pili, anafurahi, halafu mwaka wa tatu anakuta patupu na kujiuliza ameiua vipi. Hakuiua.

Dawa yake ni kupanda mbegu miaka miwili mfululizo. Za mwaka huu zitachanua mwakani, na zile za mwakani zitachanua mwaka unaofuata. Baada ya hapo ukiwa unaacha mashina mawili matatu yamwage mbegu kila mwaka, daima utakuwa na kizazi kimoja kinachochanua na kingine kinachojiandaa chini. Ukishika kidokezo hiki kimoja na kuyasahau mengine yote, bado utakuwa na maua.

2. Dukani, chukua kile kikopo chenye majani tu

Mwezi wa Mei maduka ya bustani hupanga foksiglavu ndefu zilizochanua pale pale mlangoni, na mkono hauzuiliki. Lakini mmea ulionunuliwa ukiwa na maua umeshafika mwisho wa maisha yake, na wewe umelipia wiki tatu za mwisho. Subiri Septemba. Utakuta vikopo vidogo vyenye majani tu, havina sura, na bei yake ni sehemu ndogo ya ile ya Mei. Vitie ardhini kabla Oktoba haijaisha, wakati udongo bado una joto la kiangazi, ili mizizi ishike kabla ya jalidi. Kiangazi kinachofuata maua yote yatakuwa yako tangu kengele ya kwanza.

3. Hii si mboga: kila anayeingia jikoni aambiwe

Vidokezo vya bustani kwa kawaida huweka onyo mwishoni kabisa. Mimi naliweka hapa, kwa sababu sisi ni watu wa mboga za majani. Tunachuma majani ya maboga, kunde, mchicha pori, mnavu, na tunajivunia kujua kipi kinalika. Mama akija kutembea kutoka Tanga au Kisumu, asubuhi ya kwanza anatoka nje kuona kilichoota. Akikuta majani mapana, laini, ya kijani kibichi, mkono wake unaijua kazi.

Foksiglavu yote ina sumu: jani, ua, mbegu, shina na mzizi. Sumu hiyo hushika moyo moja kwa moja. Haiondoki kwa kuchemsha, wala kwa kukausha, wala kwa kumwaga maji ya kwanza. Anayeila hupata kichefuchefu, hutapika, huharisha, mapigo ya moyo hupungua au hukosa mpangilio, na wengine huona vitu vikiwa na rangi ya manjano au kijani. Uingereza kwenyewe wapo waliochuma majani yake wakidhani ni mmea wa komfri wa kutia kwenye chai. Kosa la namna hiyo ni jepesi zaidi mwaka wa kwanza, wakati hakuna ua la kuutambulisha mmea.

Kwa hiyo, mambo matatu. Usiipande karibu na kitalu cha mboga; iwe na upande wake, na mbegu ikijiotea kati ya sukumawiki ing'olewe siku hiyo hiyo. Mgeni yeyote anayependa kuchuma aonyeshwe mmea wenyewe, siyo kuelezwa kwa mdomo tu. Na ikitokea mtu au mtoto amekula, usingoje dalili: Uingereza piga 999, Marekani piga kituo cha sumu kwa 1-800-222-1222, na uchukue jani moja uende nalo hospitalini ili waganga wajue wanapambana na nini.

Kuna jambo la nne, nalo ni la mitishamba. Mtu atakwambia kwamba mmea huu ni dawa ya moyo, na hatakuwa amedanganya. Mwaka 1775 daktari William Withering wa Birmingham aliulizwa maoni kuhusu dawa ya siri ya mama mzee wa Shropshire, mchanganyiko wa majani 20 au zaidi uliokuwa ukiwasaidia watu waliovimba miili kwa kujaa maji. Akatambua kwamba katika majani yote yale, lililofanya kazi lilikuwa foksiglavu. Alikaa miaka kumi akipima dozi kwa wagonjwa wake, na mwaka 1785 akachapisha kitabu ambacho bado kinatajwa katika historia ya tiba. Katika kitabu hicho alieleza kwa uwazi pia madhara ya kuzidisha. Leo hospitali hutumia digoksini, inayotolewa kwenye jamaa yake, Digitalis lanata, na hadi sasa daktari hupima damu ya mgonjwa kwa sababu kiasi kinachoponya na kiasi kinachodhuru vimekaribiana sana. Jani la bustanini halina kipimo. La kivulini na la juani, la Mei na la Septemba, hayana nguvu sawa. Mzee mwenye miguu iliyovimba apelekwe kliniki, asichemshiwe chochote kutoka bustanini.

4. Ipe kona uliyoikatia tamaa

Asili yake ni ukingoni mwa msitu, pale mti mkubwa ulipoanguka na mwanga ukaingia kidogo. Iige hali hiyo. Chini ya mti unaopukutisha majani ni mahali pazuri kabisa, kwa kuwa majira ya kuchipua mwanga hupita kabla majani ya mti hayajafunga. Kando ya ukuta unaotazama kaskazini pia panafaa. Jua la asubuhi na kivuli cha mchana ndilo pendekezo langu la kwanza kwa yeyote anayeniuliza. Juani kabisa itakubali pia, mradi udongo usikauke.

Isichopatana nacho ni miguu kukaa kwenye maji. Udongo ukituama maji wakati wa baridi, shingo ya mmea huoza na majani yote hung'oka mkononi kwa mvuto mdogo tu. Kama udongo wako ni mfinyanzi, changanya mboji ya majani makavu yaliyooza, mengi, na uinue kituta kwa sentimita kumi au kumi na tano. Hupenda udongo wenye asidi kidogo lakini haisumbui kwa hilo.

Na kwa kuwa hufika mita moja na nusu, wakati mwingine mbili, iweke nyuma ya mimea mingine. Mbele yake panda makangaga, au waridi la kizamani lenye rangi hafifu. Zambarau ya foksiglavu karibu na waridi jekundu sana hugombana machoni. Karibu na la pinki ya maziwa hukaa vizuri mno.

5. Mbegu ziache juu, usizifukie

Mbegu zake ni ndogo kiasi kwamba ukipiga chafya umezipoteza. Gramu moja ina maelfu. Na jambo linalowashinda wengi ni hili: mbegu hizi zinahitaji mwanga ili ziote. Ukizifunika kwa udongo namna unavyofunika maharage, hakuna kitakachotoka.

Mimi hufanya hivi, kati ya mwisho wa Mei na Julai. Nachukua trei, naijaza mchanganyiko laini wa kuoteshea mbegu, nausawazisha kwa kiganja, halafu naiweka trei ndani ya beseni lenye maji hadi unyevu upande juu wenyewe. Maji ya kumwagia kutoka juu huzisukuma mbegu zote pembeni. Mbegu nazichanganya na mchanga mkavu kijiko kimoja, ili mkono uone zinapoangukia, kisha nazinyunyiza. Nagandamiza kidogo kwa kipande cha ubao, naweka kioo au plastiki angavu juu, na trei inakaa mahali penye mwanga lakini siyo jua kali. Joto la nyuzi 15 hadi 20 linatosha. Katika wiki mbili hadi nne utaona ukungu wa kijani juu ya udongo, na hao ndio watoto wako.

Wakifikia majani mawili ya kweli, watenganishe kila mmoja na kikopo chake, ukimshika kwa jani, kamwe siyo kwa shina. Septemba wapeleke bustanini, umbali wa sentimita 40 kati ya mche na mche. Umbali huo utaonekana mkubwa kupita kiasi siku ya kupanda. Mwezi wa Mei utafurahi kwamba uliuheshimu.

Kuna njia ya mkato kwa asiyetaka trei: Julai, kwangua udongo kidogo mahali unapotaka maua, nyunyiza mbegu, kanyaga taratibu, ondoka. Zitaota chache kuliko za kwenye trei, lakini zitakazoota zitakuwa zimechagua zenyewe pa kukaa, na mara nyingi ndizo hukua na nguvu zaidi.

6. Lala na tochi kwa wiki mbili

Miche michanga ina adui mmoja mkubwa: konokono, hasa koa, yule asiye na gamba. Mmea ukishakomaa hawausumbui sana, lakini mche wa majani manne huliwa usiku mmoja ukabaki alama ya ute. Toka nje saa nne za usiku baada ya mvua, tochi mkononi, uwaokote. Hakuna dawa inayoshinda macho.

7. Maji ndiyo, mbolea kidogo

Tandaza mboji mara moja, Machi. Imetosha. Samadi nyingi au mbolea ya chumvichumvi yenye naitrojeni huzaa majani makubwa na shina legevu ambalo upepo wa kwanza wa Juni unalilaza. Maji nayo usiyasahau wiki zile shina linapopanda; mmea ukikauka wakati huo, kengele za juu hukauka zikiwa bado matumba.

Shina likiegemea, lifunge kwenye fimbo ya mwanzi kwa kamba laini, sehemu mbili. Lililolazwa siku nyingi hujikunja ncha likitafuta juu, na halinyooki tena.

8. Chagua aina kwa nafasi uliyonayo

Ya porini, ile ya zambarau, ndiyo ninayoipenda kuliko zote, na ndiyo ngumu zaidi kushindwa nayo. Kengele zake huinamia upande mmoja wa shina. Ukitaka shina lililozungukwa na maua pande zote, tafuta kundi linaloitwa Excelsior. Ni refu, lina rangi za pinki, krimu na nyeupe, na linahitaji nafasi. Sutton's Apricot lina rangi ya tunda la aprikoti lililoiva, na jioni kivulini huonekana linawaka. Pam's Choice ni jeupe lenye koo la damu ya mzee.

Mwenye kibaraza tu na vyungu atafute Foxy, aina fupi ya sentimita 60 hadi 90 iliyopata tuzo ya All-America Selections mwaka 1967. Sifa yake kubwa ni kwamba huchanua mwaka ule ule iliopandwa, miezi mitano hivi baada ya mbegu. Camelot na Dalmatian nazo zina tabia hiyo. Chungu kiwe na kina cha sentimita 30 angalau, na kisikauke.

Kwa asiyetaka habari ya miaka miwili kabisa, zipo jamaa za kudumu. Digitalis grandiflora ina maua ya manjano hafifu na hurudi mwaka baada ya mwaka. Digitalis × mertonensis, iliyopatikana kwa kuchanganya hiyo ya manjano na ile ya zambarau, ina rangi ya stroberi iliyopondwa. Igawanye kila baada ya miaka miwili au mitatu, vinginevyo huchoka.

9. Ukitaka nyeupe tupu, kagua vikonyo

Mbegu za mchanganyiko hukuletea rangi zote, na rangi haionekani mpaka mwaka wa pili. Lakini iko alama. Geuza jani la mche na utazame kikonyo chake na mshipa wa kati. Ukiona wekundu au zambarau, maua yatakuwa ya zambarau au pinki. Ukiona kijani safi bila doa, kwa uwezekano mkubwa maua yatakuwa meupe.

Anayetaka bustani nyeupe aondoe zenye wekundu kabla hazijachanua, siyo baada, kwa kuwa nyuki hubeba chavua ya zambarau hadi kwenye nyeupe na watoto wa mwaka ujao huchanganyika. Fanya hivyo miaka mitatu minne na kona yako itakuwa nyeupe karibu yote. Meupe ndiyo yanayofaa zaidi chini ya mti wenye giza.

10. Chukua kiti, tazama nyuki

Sijui kidokezo kingine cha bustani kinachonipa raha kama hiki. Mteja mkuu wa foksiglavu ni nyuki mnene mwenye manyoya, hasa yule wa ulimi mrefu anayeitwa Bombus hortorum. Kusini mwa Sahara hatuna hao, kwa hiyo kwa mgeni Ulaya ni kiumbe cha kutazamwa kwa makini. Anatua kwenye mdomo wa kengele, pale palipo na madoa, anapanda ndani mpaka anapotea mzima, shina linatikisika kidogo, anatoka kinyumenyume akiwa na unga mgongoni.

Sasa angalia anakoelekea. Karibu daima huanza kengele za chini na kupanda juu. Kengele za chini ndizo zilizofunguka kwanza, zina nekta nyingi, na zimeshaingia hatua ya kike, zinapokea chavua. Za juu ni changa, bado ziko hatua ya kiume, zinatoa chavua. Kwa hiyo nyuki humaliza shina hili kileleni, amebeba chavua mpya, anaruka hadi shina lingine na kuanza chini, pale panapopokea. Kwa kawaida ua halijipandi lenyewe. Linapandwa na jirani yake, mara nyingi, kwa sababu tu nyuki hupenda kupanda ngazi kuanzia chini. Kaa dakika ishirini na utauona mpango huo wote ukitendeka mbele yako.

Ukishauona, hutanyunyizia dawa ya wadudu kwenye mmea uliochanua. Vidukari wakija, waoshe kwa maji.

11. Kata baadhi, acha baadhi

Theluthi mbili za kengele zikishaanguka, kata shina kuu juu ya majani ya chini. Mara nyingi mmea utatoa vishina vidogo pembeni na kuchanua tena Agosti, na mwingine, kwa kuwa umenyimwa kuzaa, huishi mwaka wa ziada.

Lakini usiyakate yote. Acha shina moja au mawili yale yaliyokupendeza zaidi. Vifuko vya mbegu vitakauka na kuwa vya kahawia kuanzia chini, kati ya Julai na Agosti. Siku kavu, likate shina, liingize kichwa chini ndani ya mfuko wa karatasi, litikise. Kilichomo mfukoni kinatosha wewe, majirani na jamaa wote. Weka kwenye bahasha, andika rangi na mwaka, hifadhi mahali pakavu pasipo joto, juu ambako mtoto hafiki.

Waliopo pwani ya magharibi ya Marekani wafanye kinyume: Washington, Oregon na kaskazini ya California foksiglavu imetoroka bustanini na kuenea porini, nayo siyo ya huko. Ukikaa huko karibu na msitu, kata mashina yote kabla vifuko havijapasuka. Na popote ulipo, shina lenye mbegu lisiingie kwenye rundo la mboji, maana kila utakapoimwaga zitaota.

12. Madoa ya majani yasikukoseshe usingizi

Majani ya chini hupata madoa ya kahawia, hasa mwaka wa mvua nyingi, na kukiwa na msongamano huja ubwiri. Ondoa majani yaliyoathirika, yatupe, acha hewa ipite, mwagilia chini na siyo juu ya majani. Mmea ulioharibika wote ung'oe. Ni wa miaka miwili. Mwingine uko njiani.

13. Ndani ya nyumba: juu ya kabati, siyo mezani

Ni ua zuri sana la chombo. Kata asubuhi mapema, theluthi ya chini ikiwa imefunguka, na litakaa wiki nzima. Maji ya chombo nayo huwa na sumu, kwa hiyo chombo kisikae paka anapofika wala penye mtoto anayetambaa. Nawa mikono baada ya kupanga. Wengine ngozi huwawasha, na glavu za bustani ni rahisi.

14. Kwa walioko nyanda za juu za Afrika Mashariki, na kwa walioko pwani

Limuru, Molo, Njombe: baridi yenu inatosha kujaribu. Tatizo ni kwamba foksiglavu ya kawaida hungojea wiki nyingi za baridi ndipo ipandishe shina, na mahali ambapo usiku haushuki mara kwa mara chini ya nyuzi 10 inaweza kukaa majani matupu. Kwa hiyo anzeni na zile za kuchanua mwaka wa kwanza, Foxy, Camelot au Dalmatian. Sieni kitaluni Februari au Machi, ili miche iwe imeshakomaa baridi ya Juni hadi Agosti ikifika. Tuta liinuliwe kwa ajili ya mvua za masika, na kivuli cha mchana kiwepo, maana jua la ikweta ni kali hata kwenye baridi.

Na mahali penye mifugo, fikiri mara mbili. Ng'ombe na mbuzi mara nyingi huliacha jani bichi kwa uchungu wake, lakini likikatwa pamoja na majani ya kulishia na kukauka, uchungu haumzuii tena mnyama na sumu bado imo. Kijana anayekata majani ya ng'ombe auonyeshwe mmea huu kabla hujaupanda. Palipo na zizi ndani ya uwanja ule ule, mimi nisingeupanda. Karibu na msitu wa hifadhi pia, mashina yakatwe kabla ya mbegu, kwa sababu ile ile ya Oregon.

Walioko Mombasa, Dar es Salaam au Unguja wasipoteze mbegu zao. Joto litaimaliza kabla haijaanza. Panda anjelonia, inayopenda joto na kutoa mishikaki ya maua ya zambarau na nyeupe mfululizo, au panda mstari wa ufuta ukutani. Ufuta utachanua wiki sita hivi baada ya kuota, kengele zake zitajaa nyuki, na majani yake hayana haja ya onyo lolote.